Vema na mkasi: dhana potofu kuhusu kuwaandaa walimu wa hisabati na sayansi

Chukua daftari la mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Swali: kati ya 0.8 na 0.35, namba ipi kubwa? Kajibu 0.35. Mhitimu wa hisabati aliyetoka chuo jana ataweka mkasi, ataandika jibu sahihi pembeni, kisha atafunua ukurasa. Aliyesomea ualimu ataongeza swali moja: na kati ya 0.35 na 0.275 je? Akijibu 0.275, ugonjwa umejulikana: anasoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima, na 275 inaizidi 35.

Ila jirani yake aliyepata vema huenda ndiye mgonjwa zaidi. Wapo wanaoamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa siku zote, kwa kuwa sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia. Hao watasema 0.8, watapata vema yao, na hakuna atakayewashtukia mpaka 0.4 ikutane na 0.75.

Kulisoma kosa namna hiyo hakufundishwi kwenye shahada ya kwanza ya hisabati. Ni kazi ya mafunzo ya ualimu yanayofuata baada ya shahada, nayo yamezungukwa na maneno mengi yasiyo na msingi.

"Anayelijua somo atalifundisha tu"

Nusu yake ni kweli. Asiyejua fizikia hawezi kuifundisha, hata awe na sauti tamu kiasi gani. Lakini mwaka 1994 mtafiti wa elimu David Monk alionyesha kwamba faida ya kozi za hisabati alizosoma mwalimu inapungua zikishafika kama tano, na kwamba kozi za namna ya kufundisha hisabati nazo zina mchango wake kwa wanafunzi. Kabla yake, mwaka 1986, mwanasaikolojia wa elimu Lee Shulman alikuwa ameshaliwekea jina lile pengo: ujuzi wa somo ni kitu kimoja, ujuzi wa namna somo hilo linavyoeleweka na kutoeleweka kwa anayejifunza ni kingine.

Tena kujua sana kunaweza kumpofusha mtu. Mwaka 2003 watafiti Mitchell Nathan na Anthony Petrosino waliwauliza walimu watarajiwa kipi kinamtesa zaidi anayeanza aljebra: mlinganyo mtupu, au swali lile lile likielezwa kwa maneno. Waliosoma hisabati ya juu ndio waliokuwa wepesi zaidi kusema kwamba ni swali la maneno. Wanafunzi wenyewe hufanya kinyume. Mwambie, "Nimefikiria namba, nimeizidisha kwa 3, nimeongeza 4, nikapata 19," naye atarudi kinyumenyume: anatoa 4, anagawa kwa 3, anapata 5. Mwandikie 3x + 4 = 19 ubaoni, na yule yule atakuuliza hiyo x imetoka wapi. Aliyeizoea x miaka minne chuoni ameshasahau kwamba iliwahi kuwa ngeni.

"Ni kurudia shahada, ila kwa hesabu ngumu zaidi"

Mwanahisabati Mjerumani Felix Klein alilalamikia jambo hili mwaka 1908: kijana akiingia chuo kikuu anaikuta hisabati isiyohusiana na ya shule, akirudi shuleni kufundisha anaiacha ya chuo mlangoni. Anasahau mara mbili. Mafunzo mazuri yanaziba nyufa hizo kwa kurudi kwenye yale yanayoonekana mepesi. Jaribu mwenyewe: tunga swali la maneno la 2½ ÷ ½. Wengi, wakiwemo wenye shahada, huishia kugawa kitu kwa watu wawili; hiyo ni kugawa kwa 2, si kwa nusu. Swali lenyewe ni hili: lita mbili na nusu zinajaza chupa ngapi za nusu lita? Tano. Kanuni ya "geuza, zidisha" wote wanaikumbuka. Kwa nini tunageuza, hapo ndipo ukimya unapoingia.

"Ualimu ni kipaji"

Kuna vipaji, sikatai. Lakini mtafiti wa elimu ya sayansi Mary Budd Rowe alipopima, katika utafiti uliotoka mwaka 1974, muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, alikuta kama sekunde moja. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wale wa "sijui" wakapungua. Kuhesabu mpaka tatu si kipaji, ingawa sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko unavyodhani, na ndiyo maana zinafanyiwa mazoezi.

"Wanakwenda huko waliokosa kazi nyingine"

Marekani ina mpango uliotokana na sheria ya mwaka 2002, wenye jina la Robert Noyce, mmoja wa wabunifu wa saketi unganishi, yaani chipu za kompyuta. Unawafadhili wanasayansi na wahandisi wanaoingia ualimu, nao wanalipa deni kwa kufundisha katika shule zenye uhitaji. Finland imedai shahada ya uzamili kwa walimu tangu mwaka 1979. Nchi haziwekezi hivyo kwa makapi.

"Sayansi ni maabara, jaribio litajieleza"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Unga balbu mbili mfululizo kwenye betri. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba umeme unatumika njiani, hivyo balbu ya kwanza itawaka zaidi. Usipowauliza kabla ya kuwasha, watakubali lolote watakaloliona na imani yao itabaki palepale. Ukiwauliza, ukawasha, na kwa bahati mbaya balbu moja ni hafifu kidogo tangu dukani, ndiyo ile ya pili, darasa zima litashangilia: si tulisema! Mkondo wa umeme ni ule ule kote, ila leo jaribio limefundisha uongo.

Mwanagenzi atababaika na kuanza kuhubiri. Aliyeandaliwa atazima, atazibadilisha balbu nafasi, na kabla ya kuwasha tena atawauliza: sasa ipi itakuwa hafifu, ya pili, au ile ile?