Kwa nini Idd el-Fitr huvuruga ratiba ya zamu wodini, na Idd el-Hajj haina sababu ya kuivuruga?

Kalenda ya ukutani huzipa Idd zote mbili tahadhari moja: kutegemea kuandama kwa mwezi. Kwa hiyo wapanga zamu wengi hospitalini huamini kuwa zote mbili hazitabiriki. Huandika tarehe ya kalenda, kisha usiku wa kuamkia Idd simu za kubadilishana zamu huanza kulia. Kwa Idd el-Fitr, hofu hiyo ina msingi. Kwa Idd el-Hajj haina.

Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, kamwe si 28 wala 31, kwa kuwa mwandamo mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29.5. Ubishi wowote basi ni wa siku moja tu. Idd el-Fitr ni tarehe 1 Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani: mwezi ukionekana jioni ya 29 Ramadhani, Idd ni kesho asubuhi, usipoonekana, ni keshokutwa bila mjadala. Idd el-Hajj ni tarehe 10 Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Mwezi wake nao hutafutwa jioni ya tarehe 29, lakini ukishaonekana zimebaki siku kumi. Ni kama wageni wawili: mmoja anapiga simu akiwa mlangoni, mwingine anapiga siku kumi kabla hajafunga safari, halafu wote wawili tunawalaumu kwa kutushtukiza.

Hesabu za falaki haziondoi shaka hiyo ya siku moja. Dakika ya kuzaliwa kwa mwezi hujulikana miaka mingi mbele, ila mwezi wa saa chache ni mwembamba mno, huzama karibu pamoja na jua, na wingu dogo linatosha kuuficha. Ndiyo maana Tanzania husubiriwa tangazo la Mufti na Kenya la Kadhi Mkuu. Wapo pia wanaofuata tangazo la Saudi Arabia, hivyo Waislamu wawili wa wodi moja wanaweza kuswali Idd siku tofauti. Muulize mhusika mwenyewe. Usikisie kwa jina, akina Juma Wakristo wapo.

Njia inayofanya kazi ni kuandika safu mbili kwa siku mbili zenye shaka za Idd el-Fitr: "ukionekana" na "usipoonekana". Kila anayesherehekea apewe mwenza wa kada na ujuzi uleule, mkunga kwa mkunga, muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa mwenzake. Muuguzi mfawidhi asaini safu zote mapema, ili tangazo likitoka saa tatu usiku atume neno moja tu kwenye simu za watu. Kosa la kawaida ni kuwapa wote ofu siku zote mbili "ili tuwe salama"; siku moja wodi inabaki na watu pungufu bure.

Kosa jingine, ambalo huonekana kumekucha, ni zamu ya usiku. Anayekesha kazini hatoki jua likichomoza. Lazima akabidhi wagonjwa kitanda kwa kitanda, ahesabu mofini na pethidini, dawa kali za maumivu, kabatini, asaini kitabu, na mpokeaji mara nyingi amechelewa kwa sababu daladala za asubuhi ya sikukuu ni chache. Wakati huo swala ya Idd inasimama. Usiku wa kuamkia siku zote mbili ushikwe na wasiosherehekea.

Kliniki nazo zisisahaulike: usipange upasuaji usio wa dharura wala tarehe ya kurudi katika siku hizo mbili, na ambaye dawa zake zinaishia hapo aongezewe za siku tatu.

Shukrani kwa aliyeshika zamu huja kwa sahani ya pilau, na hulipwa Desemba, Waislamu wanaposhika Krismasi. (Pilau lifike la moto, na lisikae mezani zaidi ya saa mbili, wali uliopoa ovyo hukuza bakteria wa kutapisha, na wodi haihitaji mgonjwa wa nyongeza.) Mapatano haya yana kasoro moja: mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa takribani siku 11, kwa hiyo kila miaka kama 33 Idd el-Fitr huiangukia Krismasi. Mwaka 2000 ilikuwa karibu na tarehe 27 Desemba. Mwaka 2033 inatarajiwa kama tarehe 23, na wiki hiyo hapatakuwa na wa kumwachia mwenzake.