Polima za kazi nzito ndani ya giaboksi: ni nini, na kwa nini zimewekwa humo

Polima za kazi nzito ni plastiki zilizoundwa kustahimili joto, presha na msuguano ambao ungeilegeza plastiki ya kawaida kwa muda mfupi. Kwenye giaboksi ndizo zinazotengenezewa pete za kuzuia mafuta, washa (visahani bapa vyenye tundu) zinazokaa kati ya gia, bushi (vibomba vifupi vinavyokaa kati ya vyuma viwili), na vidole vya uma unaosukuma gia. Ni vipande vidogo vinavyowekwa mahali ambapo chuma kingekutana na chuma, ili vyuma visilane.

Mafundi wengi wa Kampala wamevishika mara nyingi. Ukifungua giaboksi ya otomatiki ya gari kutoka Japani pale Kisekka, soko la vipuri, utakuta pete nyembamba nyeusi au za kahawia zimekaa kwenye mifereji ya shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka. Shida huanzia hapo, maana mtu akiona plastiki anadhani kiwanda kilibana matumizi. "Bosi, hii ni plastiki tu, ngoja nikuchongee ya shaba, itakaa miaka." Mwenye gari anakubali, na maneno yenyewe yanaingia akilini kweli. Lakini pete ile iliwekwa pale kwa makusudi, na kuibadilisha hivyo ni kuihamishia shafti uchakavu uliokuwa wa pete.

Tuanze na msuguano wenyewe. Chuma hata kikisuguliwa kikang'aa bado kina vinundu visivyoonekana kwa macho. Utando wa mafuta ndio unaovitenganisha. Sasa gari likilala usiku mafuta hushuka chini, na asubuhi ukiwasha, mizunguko ya kwanza inapita karibu pakavu. Kwenye foleni ya Jinja Road nako gari linasogea na kusimama, shafti zinazunguka polepole, utando unakuwa mwembamba. Hapo ndipo vinundu vinapogusana, vinang'oana, na unga wa chuma unaanza kuzunguka na mafuta.

Polima ya kazi nzito mara nyingi haitumiki tupu. Huchanganywa na nyuzi za kaboni ili isibonyee, na grafiti au Tefloni ili iteleze. Inapoanza kusugua chuma, huacha utando mwembamba sana wa polima juu ya chuma hicho. Kuanzia hapo polima inasuguana na polima mwenzake, na chuma kinapumzika. Kwa sababu hiyo uso wa chuma unatakiwa uwe laini: ukiwa na alama za mashine ya kukereza, utakwangua pete kila mzunguko na utando hautashika. Kikiwepo cha kulika, basi ilike pete, kwa kuwa bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya shafti au dramu ya klachi, ile ngoma ya chuma inayobeba sahani za klachi.

Plastiki hizi hazilingani. Tefloni, aliyoigundua Roy Plunkett wa DuPont huko Marekani mwaka 1938, inateleza kuliko karibu kitu chochote, ila peke yake ni laini na hujongea taratibu ikibanwa. Nailoni 66 ni ngumu kiasi na bei yake nafuu. Inayeyuka karibu na nyuzi 260 za Selsiasi, lakini huanza kulegea mapema kabla ya kufika huko, tena hunywa maji na kuvimba. Inatosha kabisa kwenye bushi ya mkono wa gia. PEEK (kifupi cha polyether ether ketone), iliyotengenezwa mara ya kwanza na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1978, inayeyuka kwenye nyuzi 343 na hunywa maji kidogo sana. Juu yake kuna poliimidi, ambazo hustahimili joto kubwa zaidi na aina nyingine haziyeyuki kabisa.

Pete ya otomatiki ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu kipande kinachoenea kwenye kiganja hubeba kazi ya giaboksi nzima. Mafuta yenye presha hupita ndani ya shafti hadi kwenye klachi, na pete huyazuia yasivuje njiani, huku upande mmoja ukizunguka na mwingine umetulia. Pete ikilika, mafuta yanavujia ndani kwa ndani. Huoni tone chini ya gari. Unachokiona ni gari kuchelewa kushika ukiweka D, au injini kupiga kelele huku gari halivuti kwenye mlima wa Kapchorwa. Presha imepungua, sahani za klachi zinateleza, zinaungua, na mafuta yananuka moshi. Fundi akibadilisha klachi na kuziacha pete zile zile, ugonjwa utarudi.

Washa nazo zina kisa chao. Gia zenye meno ya mshazari husukumana pembeni kila zinapozunguka, na lazima kitu kipokee msukumo huo. Zamani zaidi ilikuwa beringi ya sindano. Sindano ikivunjika, vipande vya chuma hutawanyika giaboksi nzima. Washa ya polima ni nyembamba, haina kelele, na ikichakaa hutoa unga laini zaidi.

Udhaifu wake mkubwa ni joto. Polima haipitishi joto vizuri kama chuma, hivyo joto la msuguano hubaki pale pale lilipozaliwa. Wahandisi hukadiria uwezo wake kwa kuzidisha presha na mwendo: vyote viwili vikipanda pamoja, kipande kinaungua. Mafuta ndiyo yanayoondoa joto hilo, kwa hiyo giaboksi yenye mafuta pungufu, au ya aina isiyolingana na gari, huziua pete mapema. Tena PEEK hutanuka kwa joto takriban mara nne ya chuma. Nafasi ndogo unayoiona pete ikiwa baridi imeachwa kwa ajili hiyo, na mtu anayechonga mbadala kwa kukisia huipoteza.

Tangu sheria ya 2018, Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini gari la miaka 10 bado linaingia na pete zake za kiwandani. Ukifungua giaboksi ya namna hiyo, pitisha ukucha ndani ya dramu, mahali pete inaposugua. Ukucha ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na pete, pete mpya peke yake haitazuia presha, dramu nayo ibadilishwe. Wakati wa kuvalisha, pete yenye mkato usiipanue kupita kiasi, itavunjika. Ile ya Tefloni isiyo na mkato huvutwa ikavalishwa, kisha hubanwa kwa kifaa chake irudie kipimo kabla shafti haijaingizwa.