Je, wajua? Kwa nini barabara zisizo mali ya Washington hujengwa kwa masharti ya Washington

Barabara kuu ya Interstate 40 hukata Marekani kutoka North Carolina hadi California, na kibao chake kina nembo ileile ya nyekundu na buluu katika kila jimbo inakopita. Anayeiona hudhani ni mali ya serikali kuu: Washington huichora, huita zabuni, humlipa mkandarasi, na majimbo hukaa yakisubiri kukabidhiwa. Mambo hayaendi hivyo. Kila kipande cha barabara ile ni mali ya jimbo kilipo. Jimbo ndilo linalochagua mradi, ndilo linalotangaza zabuni, ndilo linalosaini mkataba, na lami ikijaa mashimo ndilo linalopigiwa kelele. Sheria ya barabara kuu yenyewe inasema wazi kwamba huu ni mpango wa majimbo unaosaidiwa na shirikisho, yaani serikali kuu, na kwamba fedha za shirikisho hazigusi haki ya jimbo kuamua miradi ipi ifadhiliwe.

Dhana hiyo ina chimbuko lake. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyoanzisha mtandao wa Interstate, yaani barabara kuu zinazounganisha majimbo, na serikali kuu ikajitwika asilimia 90 ya gharama. Anayelipa tisini katika mia, watu humwona ndiye mwenyewe.

Kuna dhana ya pili iliyojificha nyuma ya ile ya kwanza, nayo ni ngumu zaidi kuing'oa: kwamba kanuni za shirikisho ni amri. Kwamba Washington ikiandika kanuni ya ujenzi, jimbo linapiga saluti. Lakini gavana wa Texas si mkuu wa mkoa. Hakuteuliwa na rais wala hawezi kutumbuliwa naye, na Katiba ya Marekani hairuhusu serikali kuu kuyaagiza majimbo yaitekelezee sera zake. Ikitaka jambo lifanyike, mara nyingi hulazimika kulinunua.

Mfano mzuri unahusu bia. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilitaka umri wa kununua pombe uwe miaka 21 nchi nzima. Badala ya kuyaamuru majimbo, likapitia barabarani: jimbo lingeruhusu walio chini ya umri huo kununua pombe, lingekatwa sehemu ya fedha zake za barabara kuu, hadi asilimia 10. South Dakota, ambayo iliwaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia hafifu, ilikwenda mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikasema sharti hilo ni halali: jimbo halijalazimishwa, limeshawishiwa tu. Mwaka uliofuata majimbo yote 50 yalikuwa yameshahamia miaka 21. Hadi leo sharti la umri wa kununua bia limekaa katika sheria za barabara kuu, katikati ya vifungu vya madaraja na lami.

Basi kanuni hung'ata kupitia pesa. Namna zinavyong'ata inategemea jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwa kawaida Washington hailipi kwanza. Hurudisha.

Chukua mjomba aliye mjini na mpwa anayejenga kijijini. Mjomba hatumi pesa. Anasema: jenga, tunza stakabadhi, niletee, nitakurudishia themanini katika kila mia. Kiwanja ni cha mpwa, fundi ni wa mpwa, nyumba ni ya mpwa. Ila stakabadhi ya mabati ya kutoka nje ya nchi mjomba haipokei. Ya fundi aliyepunjwa ujira haipokei. Na akishachangia paa tu, ana haki ya kuuliza kiwanja kilipatikanaje, na aliyekuwa akikaa pale alilipwa nini alipohamishwa. Mpwa hajaamriwa lolote. Anaweza kujenga kwa pesa zake mwenyewe na mjomba asiwe na la kusema. Tatizo ni kwamba ameshakopa saruji akitegemea zile themanini.

Ndivyo jimbo linavyoishi. Linamlipa mkandarasi, kisha linaipelekea idara ya shirikisho ya barabara kuu madai, linarudishiwa kwa kawaida asilimia 90 kwa Interstate na 80 kwa barabara nyingine nyingi. Sharti la chuma cha Marekani lipo, na hata nondo zimo. Sharti la ujira lilianza na sheria ya mwaka 1931: wafanyakazi walipwe kiwango kilichozoeleka eneo lile, na mkandarasi athibitishe orodha ya mishahara kila wiki. Linagusa mikataba inayozidi dola 2,000, kima kilichowekwa mwaka 1935 na hakijapandishwa tangu hapo, kwa hiyo hakuna ujenzi wa barabara unaolikwepa kwa udogo. Swali la kiwanja nalo ni la kweli: sheria ya fidia ya mwaka 1970 huugusa mradi hata kama jimbo lilinunua ardhi kwa fedha zake lenyewe, mradi hatua nyingine yoyote imeingiwa na fedha za shirikisho.

Kwa nini jimbo lisikatae tu? Kwa sababu fedha hizo zimetoka kwa madereva wake. Kodi ya shirikisho ya petroli ni senti 18.4 kwa galoni, kiwango kisichobadilika tangu 1993, na dereva huilipa kwenye pampu jimbo lake litake lisitake. Ukikataa mgawo, umewajengea jirani zako.

Hata hivyo California ilikataa kwa sehemu. Tetemeko la mwaka 1989 liliangusha kipande cha daraja kati ya San Francisco na Oakland, na upande wa mashariki ukahitaji kujengwa upya. Mwaka 2004 zabuni ya sehemu ya mnara ilivutia mwombaji mmoja tu: dola bilioni 1.4 kwa chuma cha nje, bilioni 1.8 kwa chuma cha Marekani. Jimbo likaiondoa sehemu hiyo kwenye fedha za shirikisho, chuma kikatengenezwa Shanghai, na daraja likafunguliwa Septemba 2013. Maofisa walihesabu wameokoa takribani dola milioni 400. Hesabu hiyo ina ubishi, kwa kuwa matatizo ya kulehemu kule Shanghai yalileta ucheleweshaji na gharama zake. Lililo wazi ni kwamba Bunge halikufurahia kuona daraja moja likikatwa kama mkate, kipande cha shirikisho na kipande cha jimbo. Mwaka 2012 liliziba mwanya: mikataba ikiwa chini ya tathmini moja ya mazingira, yaani uchunguzi wa athari za mradi kwa mazingira, na mmoja wake ukipokea fedha za shirikisho, sharti la chuma linaifunika yote inayostahili fedha hizo.

Tathmini hiyo ya mazingira, iliyotokana na sheria iliyosainiwa Januari 1, 1970, ndiyo hulaumiwa zaidi kwa kuchelewesha miradi. Hapa inafaa kwenda polepole. Ripoti kamili za barabara zimekuwa zikichukua miaka kadhaa, na mwaka 2023 Bunge liliweka ukomo wa miaka miwili. Ila miradi mingi mno ya barabara haiandikiwi ripoti kamili. Hupita kwa njia fupi ya kazi zisizo na athari kubwa. Na ile inayokwama ndiyo ileile mikubwa, yenye upungufu wa fedha na wapinzani wengi, kwa hiyo ni vigumu kusema miaka mingapi iliibwa na karatasi na mingapi na ugomvi.

Gharama ya masharti, angalau, imewahi kupewa bei. Kansas huziruhusu kaunti na miji kubadilishana fedha na jimbo: kaunti inaacha dola moja ya shirikisho, inapokea fedha za jimbo, ambazo hazina masharti ya Washington. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa senti 90. Zile kumi si kipimo safi cha uzito wa kanuni, kwa sababu jimbo lenye wahandisi na wanasheria wake huubeba mzigo kwa wepesi zaidi kuliko kaunti yenye ofisi ya watu watatu. Kaunti nyingi za Kansas huchukua zile tisini.