Protini Zinazojipanga Zenyewe Majini

Jioni ukisimama kwa muuza supu ya pweza, kabla hujainua kikombe tazama juu ya supu. Utaona vidoa vya mafuta vikielea; viwili vikigusana vinakuwa kimoja. Hakuna aliyevisukuma. Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na kisichopatana nayo hubanwa kando pamoja na mwenzake. Nguvu hiyohiyo ndogo hukunja protini mwilini mwako, na siku hizi wanasayansi huitumia kujenga vitu ambavyo havijapata kuwako duniani.

Protini ni uzi wa shanga. Shanga hizo, yaani asidi amino, ni za aina 20: kuna zinazopenda maji, kuna zinazoyakimbia, na nyingine zina chaji ya umeme. Uzi ukiwa majini, zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje, na uzi hujikunja ukapata umbo. Christian Anfinsen, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba maelekezo ya kujikunja yamo katika mpangilio wa shanga wenyewe. Ukitaka kuona umbo likipotea, chemsha yai: ute hugeuka mweupe kwa sababu nyuzi zimekunjuka zikatatizana.

Sasa geuza swali. Nikitaka umbo fulani, nitunge shanga vipi? Uzi wa shanga 100 tu unaweza kupangwa kwa njia nyingi mno, idadi ya tarakimu 131, kwa hiyo kubahatisha hakufai. Mwaka 2003 kundi la David Baker, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, lilichapisha Top7: protini ya shanga 93, yenye mkunjo ambao haukuwa umeonekana katika kiumbe chochote. Baker alipata nusu ya Nobel ya Kemia ya 2024. Nusu ya pili waligawana Demis Hassabis na John Jumper, kwa programu inayobashiri umbo la protini kutokana na mpangilio wake.

Lakini protini moja ni tofali tu. Kinachonivutia mimi ni pale tofali zinapokutana. Kompyuta huchonga nyuso mbili zilaliane, doa linalokimbia maji upande huu likabiliane na doa kama hilo upande ule. Doa likiwa dogo, vipande havishikani. Likizidi, vinagandana ovyo, na unachokuta ndani ya neli ni tope jeupe. Michoro mingi iliyosifiwa na kompyuta hufia hapo, na yeyote aliyefanya kazi ya maabara anaijua huzuni ya tope hilo. Mchoro ukionekana wa kuaminika, jeni yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo, huandikwa na kutiwa ndani ya bakteria. Bakteria hufuma protini, protini husafishwa, kisha hutazamwa kwa hadubini ya elektroni.

Mfano mzuri ni tufe liitwalo I53-50, lililotangazwa 2016. Lina vipande vya aina mbili: aina moja huungana vitatu vitatu, nyingine vitano vitano. Kila aina ikiwa peke yake hutulia tu. Zichanganye, na mafungu 20 ya vitatu pamoja na mafungu 12 ya vitano, jumla vipande 120, hujipanga kuwa tufe lenye uwazi ndani, upana wake nanomita 30 hivi. Matufe zaidi ya elfu moja yangepangika kukatiza unene wa unywele mmoja. Juni 2022 Korea Kusini iliidhinisha SKYCovione, chanjo ya korona iliyojengwa juu ya tufe hilo, likiwa limebeba nakala 60 za kipande cha protini ya kirusi. Seli za kinga hushtuka zaidi zikiona kitu kimoja kimerudiwarudiwa kwa mpango, kwa sababu virusi navyo hujipanga hivyo.

Wazazi huniuliza: kama vinajijenga vyenyewe, havitazaana mwilini? La. Kuzaana kunahitaji jeni, na tufe hilo ni protini tupu. Mwili hulivunjavunja kama protini nyingine. Tena kujipanga huku hakukuanza jana. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, iliyozinduliwa kitaifa hapahapa Mombasa Oktoba 2019, ni protini ya kirusi iliyojipanga vipande 360 bila kirusi chenyewe. Ile ya homa ya ini aina ya B, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1986, nayo ni chembe zilizojipanga, na protini yake ilitengenezwa na hamira, aina ileile inayoumua mahamri yetu. Tofauti ni kwamba hizo ziliazima umbo kutoka kwa virusi, ilhali I53-50 ilichorwa na watu.

Kwa mji wa joto kama wetu kuna jambo jingine. Protini za kuchorwa mara nyingi ni ngumu. Top7 haikukunjuka hata maji yalipokaribia kuchemka. Mtu angedhani basi friji imepitwa na wakati. Bado. Chanjo ni zaidi ya tufe lake, na ile ya Korea huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, kwa hiyo muuguzi anayevuka feri kwenda Likoni ataendelea kupakata sanduku lake la barafu.