Motisha ya muuguzi huonekana kwenye patografu

Ukitaka kujua hali ya moyo wa muuguzi wa wodi ya wazazi, soma patografu aliyoijaza usiku, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto tumboni. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa. Katika ziara za usimamizi shirikishi, za kukagua vituo na kuwaelekeza watumishi, nimekutana na patografu safi mno, wino mmoja, nukta zimepangana kama kwa rula. Hizo zimejazwa mtoto akiwa ameshazaliwa. Nilizoea kudhani ni uvivu. Siku hizi nauliza kwanza: ulikuwa na kina mama wangapi, mlikuwa wauguzi wangapi, posho ya usiku mmelipwa lini?

Fedha ina nguvu, tusijidanganye. Mkoani Pwani, mpango wa malipo kwa ufanisi ulioanza 2011 uliwapa watumishi bakshishi vituo vyao vilipofikia malengo, na tathmini ikaonyesha wanaojifungulia vituoni wameongezeka kwa takribani asilimia 8 kuliko maeneo ya kulinganisha. Ila ukilipia karatasi iliyojazwa, karatasi itajazwa. Kusikiliza moyo wa mtoto saa tisa usiku ni jambo jingine.

Mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg, katika utafiti wake wa 1959 kuhusu motisha kazini, alitenganisha mambo mawili: mshahara na mazingira ya kazi huondoa manung'uniko tu, bali kinachomsukuma mtu ni mafanikio, kutambuliwa na kupewa dhamana. Aliowahoji walikuwa wahandisi na wahasibu. Wodini kwetu mgawanyo huo haunikai sawa. Muuguzi aliyeishiwa glavu, mwenye mashine moja ya presha kwa wodi nzima, atayaonaje mafanikio yake? Kwake kifaa ndicho kinachompa nafasi ya kuwa hodari. Kumpa cheti cha mfanyakazi bora Mei Mosi huku kabati ni tupu kunamuumiza zaidi.

Kuna dada mmoja, mkunga wa kituo cha afya, aliyegundua mapigo ya mtoto yanashuka akawahi kumwita daktari. Mama na mtoto walipona, na hakuna aliyemwambia neno. Nilimwomba inchaji, yaani msimamizi wa wodi, asome patografu ile mbele ya wenzake kwenye makabidhiano ya asubuhi, na tukahakikisha fetoskopu ya pili, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, imepatikana. Niliporudi, patografu za wodi ile zilikuwa na wino wa rangi mbili na muda usiopangika: saa nane na dakika kumi, saa nane na arobaini na tano, saa tisa na robo. Nilizisoma zote nikiwa nimesimama.