Mazungumzo baina ya dini ni nini, na kwa nini si mhadhara

Mazungumzo baina ya dini ni pale watu wa imani tofauti wanapoketi kusikilizana ili waelewane na waishi kwa amani, kila mmoja akibaki na dini yake. Uzito upo kwenye maneno mawili: kusikilizana, na kubaki. Kwa hiyo si kuchanganya dini, na hakuna anayetakiwa kukiri kwamba dini zote ni sawa.

Kwetu Tanzania dhana hii huchanganywa na mhadhara. Aliyekulia Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 anakumbuka spika zikifungwa uwanjani, mhubiri wa Kiislamu akiwa na Biblia mkononi, anasoma andiko baada ya andiko kuonyesha kwamba Yesu si Mungu. Wahubiri wa Kikristo nao walijibu kwa spika zao, wakiichambua Kurani. Walikuwa hodari wa kunukuu, hilo sikatai. Lakini mhadhara una mshindi, na aliyeshindwa mbele za watu harudi nyumbani ameelewa, anarudi na kinyongo. Mwaka 1998 tuhuma za kukashifiana katika mihadhara zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia vurugu za Mwembechai, ambako watu walikufa kwa risasi za polisi.

Kila dini ina haki ya kuhubiri. Ila kuhubiri ni kazi moja na kuzungumza ni kazi nyingine. Kwenye mhadhara nakuuliza swali ambalo jibu lake ninalo tayari mfukoni. Kwenye mazungumzo nakuuliza kwa sababu sijui.

Kanisa Katoliki, lililobadili rasmi namna ya kuzitazama dini nyingine kwa tamko la Nostra Aetate la Oktoba 1965, hutaja mazungumzo ya aina nne: ya maisha, ya matendo, ya wataalamu wa dini na ya uzoefu wa kiroho. Mawili ya mwisho ni ya wachache. Ya matendo ni kama kuchimba kisima pamoja. Ya maisha ndiyo yetu sote, na hayo tunayajua kuliko tunavyodhani. Mkristo akiozesha binti yake, humwita Muislamu achinje ng'ombe, ili jirani yeyote atakayefika aweze kula. Msiba ukiingia mtaani, wanaokesha matangani hawaulizwi wanasali wapi. Kwa upande wa makabila tuna utani: Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo wanataniana hata msibani.

Udhaifu wa mazungumzo ya maisha ni kwamba hukaa kimya. Utaratibu wa Muislamu kuchinja kwa ajili ya wote ulidumu kwa mazoea, mpaka baadhi ya Wakristo wa Kanda ya Ziwa wakadai kuchinja na kuuza nyama wenyewe. Februari 2013 vurugu zilizuka Buseresere, Geita, na mchungaji akauawa. Ukiyatazama maswali yenyewe, yote yalikuwa ya haki. Mkristo: kwa nini mkono wangu usichinje? Muislamu: nikifika buchani, nitajuaje kwamba nyama hii ni halali kwangu? Watu wenye mazoea ya kuketi pamoja wangeyajibu maswali hayo kwa nusu siku. Kikao kinachoitishwa baada ya mazishi kinawakuta watu wakihesabu maiti wao, na hapo hata neno jema husikika kama tusi.

Haina maana kwamba baada ya damu hakuna tena njia. Ipo, lakini ni ndefu. Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye walikuwa pande mbili za mapigano ya mwaka 1992, kila mmoja na vijana wake. Wuye alipoteza mkono wa kulia. Ashafa aliuawiwa mwalimu wake wa dini na binamu zake wawili. Walikutanishwa mwaka 1995. Ashafa ameeleza kwamba kabla ya hapo alipanga kulipiza kisasi, hadi aliposikia msikitini hotuba ya kusamehe. Wuye naye amekiri kwamba hata baada ya kuanza kazi pamoja, walipolala chumba kimoja safarini, alishawishika kumziba mwenzake pumzi kwa mto. Hakufanya hivyo. Asubuhi waliamka wakaendelea na kazi, mmoja imamu, mwingine mchungaji. Agosti 2002 viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo wa Kaduna walitia saini tamko la amani, na hao wawili walikuwa miongoni mwa waliolihangaikia.