Stuli ya plaiwudi: skrubu ya kumi haitaituliza

Stuli ikianza kuyumba, anayejifunza useremala hukimbilia bisibisi. Anaongeza skrubu mbili, stuli inatulia siku chache, inaanza tena, anaongeza nyingine. Ukimuuliza ni wapi hasa palipolegea hajui, kwa sababu hajatazama. Anachojua ni kwamba chuma kina nguvu kuliko mbao. Dhana hii potofu imeharibu stuli nyingi kuliko dhana nyingine zote nitakazozijibu hapa, kwa hiyo hizo nyingine zitasubiri.

“Ikiyumba, ongeza skrubu”

Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizobandikwa kwa gundi, nyuzi za kila tabaka zikikatiza nyuzi za jirani yake. Ukipiga skrubu kwenye uso wa ubao, inazipita tabaka zote na kila moja inaishika. Ukiipiga kwenye ukingo, yaani kwenye ule unene wa milimita 18, inapenya sambamba na tabaka, kama kisu kinavyoingia kati ya kurasa za kitabu. Mshiko wake hapo ni mdogo kuliko usoni. Na ikiwa hukutoboa tundu la kuiongoza, tabaka zinaachana na ukingo unatokeza tumbo.

Sasa itazame stuli ya kawaida ya anayeanza: kikalio juu, mbao mbili zilizosimama kama miguu. Kila skrubu iliyopigwa kutoka juu ya kikalio imeingia kwenye ukingo wa mguu. Ya kumi inaingia kwenye ukingo uleule ambao tisa za kwanza zimeshauchana.

Hata skrubu ingeshika vizuri, bado isingeondoa chanzo cha kuyumba. Mtu akikaa na kujigeuza, miguu yote miwili inataka kulala upande mmoja. Kila mguu unakuwa wenzo mrefu wa zaidi ya milimita 400, na kinachouzuia usilale ni kipande cha ukingo chenye upana wa milimita 18. Wenzo utashinda tu. Haijalishi umetumia skrubu za aina gani.

Kinachozuia ni taruma: ubao unaosimama wima chini ya kikalio, kutoka mguu mmoja hadi wa pili. Taruma yenye kimo cha milimita 120 inaushika mguu kwa milimita 120 badala ya 18, na hapo stuli haina njia ya kulala. Wengi wakishaambiwa hivi huweka kijiti cha milimita 40, kisha wanalalamika kwamba taruma nayo haisaidii. Kimo ndicho kinachofanya kazi. Usishuke chini ya 100.

Kitu cha pili ni mfereji. Chonga mfereji wa kina cha milimita 6 (theluthi ya unene wa ubao wa 18) chini ya kikalio, mguu uingie humo, na mfereji mwingine kwenye uso wa ndani wa kila mguu kwa ajili ya taruma. Faida yake ni mbili. Kuta za mfereji zinauzuia mguu kuteleza, kazi ambayo skrubu ilikuwa inafanya peke yake na kushindwa. Halafu gundi inapata uso zaidi wa kushika: ukingo peke yake karibu nusu ya tabaka zake zimeonyesha vichwa vya nyuzi, na gundi ya mbao haishiki vichwa vya nyuzi vizuri.

Vipimo vya stuli moja ya kukalia kwenye meza ya kawaida, ubao wa milimita 18 kamili:

Kikalio 400 × 300. Miguu miwili, kila mmoja upana 300 na kimo 438. Taruma 316 × 120. Mifereji ya kikalio ianze milimita 30 kutoka kila mwisho, ipite upana wote. Kati ya miguu patabaki 304. Ongeza 6 kila upande zinazozama kwenye mifereji ya miguu, ndiyo 316. Mguu unazama 6 ndani ya kikalio, kwa hiyo kimo chote kinakuwa 450.

Mfereji wa taruma kwenye mguu uko katikati ya upana wake, unaanzia juu kabisa na kuishia milimita 126 chini. Mia na ishirini na sita, siyo mia na ishirini: zile 6 za juu zinafichwa na kikalio. Ukisahau hilo, taruma itakiinua kikalio na mguu hautazama kwenye mfereji wake. Bila mashine unakata kuta mbili kwa msumeno wa mkono, kisha unatoa mbao iliyobaki katikati kwa patasi. Kwenye huu wa mguu, chimba kwanza kwa patasi milimita 30 za mwisho hadi kina kamili, ili ncha ya msumeno ipate pa kuishia.

Na upana wa mfereji usiupime kwa tepu. Ubao unaouzwa kama wa 18 mara nyingi ni 17.5 au hata pungufu. Simamisha kipande cha ubao wenyewe pale mfereji unapotakiwa, chora pembeni yake kwa kisu, kata ndani ya mistari. Kiingie kwa kusukumwa kwa mkono, kisidondoke chenyewe. Ubao ukiwa 17.5, taruma nayo inabadilika: kati ya miguu panakuwa 305, taruma 317.

Halafu paka gundi. Ukingo wa plaiwudi unakunywa gundi, kwa hiyo pakaza utando mwembamba kwanza, subiri dakika chache, pakaza tena, ndipo uunganishe. Skrubu zinaingia sasa, na kazi yake ni kubana mpaka gundi ikauke, hasa kwa asiye na klampu (kibano cha kushikia mbao). Tatu kwa kila mguu zinatosha, za 4 × 50 (unene milimita 4, urefu 50). Kwenye kikalio toboa tundu la milimita 4.5 ili skrubu ipite huru na kuuvuta mguu juu. Kwenye ukingo toboa la milimita 3. Ya kwanza na ya mwisho zikae angalau milimita 40 kutoka kwenye kona. Kila mwisho wa taruma weka mbili, milimita 30 kutoka juu na 30 kutoka chini. Kaza mpaka kichwa kilale sawa na ubao, kisha acha. Anayezungusha mpaka asikie kitu kimelia ameshazikata nyuzi, na skrubu hiyo haibani tena chochote.

Kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona, mistari miwili inayokatizana. Ikitofautiana, sukuma ile ndefu mpaka zilingane. Baada ya dakika ishirini utakuwa umechelewa.

“Pengo litajazwa na gundi”

Halijazwi. Gundi nyeupe ya mbao inashika pale mbao mbili zinapogusana. Kwenye pengo la milimita moja inakauka, inasinyaa na kubaki ngozi isiyobeba kitu. Kuichanganya na vumbi la msumeno kunaficha pengo tu. Mfereji ukikatwa mpana kupita kiasi, tafuta kipande chembamba cha mbao, kipake gundi pande zote mbili, kipige ndani kama kabari nyembamba, kisha kata kilichobaki nje. Au kata mguu mwingine, mbao si dhahabu.

“Ubao mnene zaidi ndio imara zaidi”

Kwa kupinda, ni kweli kupita wengi wanavyodhani: ugumu unakua kwa unene × unene × unene, kwa hiyo ubao wa 18 ni mgumu zaidi ya mara tatu ya ule wa 12. Lakini stuli haivunjiki kwa kikalio kupinda. Inaachana kwenye viungio, na huko unene wa 25 hauokoi kiungio kilichokatwa ovyo. Unachopata ni stuli nzito inayoyumba. Milimita 18 inatosha, na kwa kigoda cha mtoto chenye taruma hata 12 inafaa, mifereji ikiwa ya kina cha 4.

“Ikitikisika sakafuni, kata mguu mrefu”

Kwanza hakikisha ni stuli. Igeuze robo mzunguko palepale ilipo. Kona ileile ya stuli ikiendelea kuinuka, kosa ni la stuli. Inayoinuka ikiwa sasa ni kona nyingine, iliyokuja pale ilipokuwa ya kwanza, kosa ni la sakafu na unapaswa kuiweka patasi chini.

Kama ni stuli, usikate mguu kwa macho. Ndivyo stuli za 450 zinavyogeuka za 420: unakata huu, unazidi, unakata ule. Weka stuli juu ya kitu bapa kweli, kioo kinene au meza ya mashine. Ingiza vipande vya kadi chini ya kona fupi mpaka itulie. Chukua kipande cha mbao chenye unene wa milimita chache, laza penseli juu yake na uizungushe kwenye kona zote nne bila kuinua. Umepata mstari mmoja unaolingana pande zote, kata hapo.

Ushauri ambao ningependa kila mtu aufuate kabla ya kuunganisha: mguu wa ubao mpana usigusane na sakafu kwa upana wake wote. Kata upinde chini, ukiacha milimita 50 kila kona. Kimo cha upinde ni suala la macho yako, hata milimita 10 zinatosha kwa kazi. Stuli sasa ina nyayo nne ndogo, na uvimbe wa sakafu katikati hauigusi. Kazi ya dakika kumi, na bado watu wanairuka.

“Miguu mitatu ndiyo salama, haiyumbi”

Haiyumbi, kweli, kwa kuwa ncha tatu hukaa sawa juu ya sakafu yoyote. Kupinduka ni jambo jingine. Uzito ukitoka nje ya pembetatu inayochorwa na miguu, stuli inakwenda, na ukingo wa pembetatu uko karibu na katikati kuliko ukingo wa mraba wa ukubwa uleule. Kwa stuli ya kusimamia ili ufikie kabati, tumia miguu minne.

“Plaiwudi huchanika ikikatwa, ndiyo hali yake”

Huchanika upande ambao meno yanatokea. Msumeno wa mkono unakata ukisukumwa chini, kwa hiyo uso mzuri uwe juu. Msumeno wa umeme wa mviringo unaoshikwa mkononi, na jigsoo pia (msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka), meno yanapanda juu, kwa hiyo uso mzuri uwe chini. Pitisha kisu kikali kwenye mstari kabla ya kukata, mara mbili au tatu kando ya rula, na diski ya msumeno iwe na meno mengi, 40 kwenda juu. Diski ya meno 24 ni ya kupasulia mbao za paa.

Usisahau pia kwamba msumeno unakula mbao, milimita 2 au 3 kila unapopita. Anayepanga vipande vyake vikigusana kwenye karatasi hushangaa kwa nini cha mwisho ni kifupi.

“Piga msasa mpaka ilainike”

Tabaka la juu la plaiwudi nyingi ni jembamba kuliko milimita moja. Anza na namba 120, maliza na 180, fuata nyuzi, na ukiona rangi ya ubao ikibadilika, umeshafika kwenye gundi. Haipakiki wala hairudi. Msasa wa 60 uuweke kwa ajili ya milango ya zamani. Kwenye ukingo unaweza kusugua zaidi, na kona zote kali zivunje kidogo kwa msasa, vinginevyo rangi haitakaa hapo.

“Gundi iliyotoka, futa kwa kitambaa chenye maji”

Maji yanaisambaza ndani ya vinyweleo vya mbao, na vanishi itakuonyesha doa hilo milele. Subiri iwe kama mpira, dakika 20 hadi 30, kisha ikwangue kwa patasi. Usikalie stuli mpaka saa 24 zipite, hata kama gundi imekauka kwa kugusa.

“Nimenunua plaiwudi ya majini, haihitaji kupakwa”

Kinachovumilia maji ni gundi iliyo kati ya tabaka. Mbao yenyewe bado inakunywa, hasa kwenye ukingo ambako vichwa vya nyuzi viko wazi, na inavimba na kuoza kama mbao nyingine. Kingo zipake mara mbili zaidi ya uso: mkono wa kwanza mwepesi uliozimuliwa unaozama, msasa wa 180 kidogo, kisha mingine miwili. Zile za chini ya nyayo zipake kwanza, maana ndizo zinazosimama kwenye maji ya kudekia, na ndizo zinazosahauliwa kila mara.